Upande wa Babu

Maskati, Jumatatu, 1966

Utakayesoma haya, nakusihi, usimwambie mtu.

Leo ofisini karani mkuu aliwamiminia wote kahawa, mimi akaniruka, akaniuliza: "Babu wa baba yako alipigana upande gani?"

Vita vya karne iliyopita! Hapa hata posa huanza na swali hilo. Nikasema sijui. "Muongo," akasema, na wenzangu wakacheka.

Najua sana. Alipigana pamoja na maadui wa ukoo wake karani, wakashindwa, akakimbilia Unguja. Kesho nitaulizwa tena, na nikisema kweli, kazi sina.

"Sema hatuna upande, baba," mama ananambia.

Unguja nako, wakati wa mapinduzi, tulisema hivyo hivyo, wakatufukuza.

Ukinitaka, bisha mlango wa nyuma, uniite kwa Kiswahili. Kwa Kiarabu sitoki, nitadhani ni watu wa karani.