Chapati ya Rosaire

Augusta, Oktoba

Dada Fernande,

Hujambo na joto lako la Florida? Huku baridi imeanza. Kule kwetu bondeni wameshavuna viazi, nami nikisikia harufu yake tu narudi utotoni, shule zikifungwa ili tuvune hadi mgongo ugome kunyooka, kisha jioni tugombanie chapati za maji za marehemu Mama.

Umeuliza uspika wa Seneti unaendaje. Nakaa juu, nagonga nyundo. Maseneta hawaruhusiwi kusemezana; kila neno, hata tusi, sharti walielekeze kwangu. Unaikumbuka meza yetu? Kila shtaka lilipitia kwa Mama.

Jana mdogo wetu Rosaire alisimama kuchangia mswada wa barabara. Unamjua, chama chake na changu ni paka na panya, na hanihurumii. Nikampa nafasi. Akaitazama karatasi yake, akanitazama mimi. Kisha akasema kwa Kifaransa chetu cha nyumbani, "Mama, Lucie amekula chapati yangu!"

Wenzake walicheka, wakidhani ni vituko vyake vya kawaida. Lakini mimi niliyaona macho yake, Dada. Hakuwa akitania; alikuwa akimwona Mama.

Nikaiweka nyundo chini. "Keti, mwanangu," nikamwambia kwa Kifaransa hichohicho. "Nyingine iko jikoni, inaiva."

Akaketi, ametulia tuli.

Usingoje Krismasi, njoo sasa. Wewe ndiye unayejua Mama alivyozipika, na Rosaire bado anaisubiri yake.

Mdogo wako,
Lucie