Kisanduku cha Chakula cha Filemu

Minto, Sydney
Novemba 24

Mpendwa Dada Masina,

Salamu nyingi kutoka kwangu mdogo wako, na kutoka kwa kila mtu aliyemo ndani ya nyumba hii. Vipi hali yako? Goti linasemaje tangu mvua zianze huko kisiwani Savaii? Na lile paa la jikoni, wale vijana wa mchungaji walilimaliza, au bado wanakula majimbi yako na kukuahidi kesho? Nijibu mambo haya yote, usiruke hata moja kama ulivyofanya barua iliyopita.

Sisi hatujambo, tunamshukuru Mungu. Joto limeanza mapema mwaka huu, na mgongo wangu uko vilevile, haunilazi wala hauponi. Mwanangu Lupe bado anafua mashuka ya hospitali, anaondoka alfajiri kabla ndege hawajaamka. Mumewe Kome bado anaendesha lori, na bado anacheka vichekesho vyake mwenyewe kabla hajavimaliza.

Mjukuu wetu Filemu amerefuka. Yale magauni uliyomshonea akiwa kwako sasa yamepanda juu ya magoti, lakini hataki yatolewe kwa mtu. Bado akipita mbele ya watu wazima anainama na kuomba radhi kama ulivyomfunza, hata dukani, hata kwenye foleni ya benki. Wazungu wanageuka kuangalia ameangusha nini.

Sasa nikuulize, Dada. Je, umewahi kusikia mzazi akipelekwa shule ili mtoto wake akaanze shule? Huku ndivyo ilivyo. Filemu anatakiwa kuanza chekechea shule zikifunguliwa mwakani, na wametuita asubuhi kadhaa tufundwe. Lupe na Kome wapo kazini, kwa hiyo nimekwenda mimi. Tangu niache kazi kule ghalani sijafurahia kitu kama hiki. Nimekaa kwenye kiti cha mtoto, magoti yamenifika kidevuni, na nilihitaji mama wawili kuniinua.

Wanatufundisha mambo ambayo sikujua kuwa hufundishwa. Kwamba mtoto tumwache avae viatu mwenyewe hata akivaa kushoto kulia. Kwamba ajifunze kuijua kofia yake kati ya kofia zote zinazofanana, maana asiye na kofia haruhusiwi kucheza juani. Kwamba siku ya kwanza tuage upesi na tuondoke, tusichungulie dirishani. Mama mmoja akauliza kama mzazi anaruhusiwa kulia. Mwalimu akasema anaruhusiwa sana, lakini akalilie ndani ya gari.

Mimi nauliza maswali mengi kuliko wote. Nimeuliza kwa nini masinki ni mafupi na kioo kiko juu, kwa nini gundi inanukia vizuri hivyo, na kama kuna mtoto aliyewahi kuila. Wapo. Mwalimu anaitwa Corinne, mwanamke mwenye subira, nadhani kwa sababu yangu imebidi aiongeze.

Lakini yaliyotokea asubuhi ya pili lazima nikueleze vizuri, maana ndiyo yaliyonifanya nichukue kalamu.

Kila mtoto alikuja na kisanduku chake cha chakula ili ajizoeze kukifungua na kula bila msaada. Saa tano hivi tukaitwa wazazi wote tukatazame. Wenzake walikaa chini wakaanza kutafuna. Filemu hakukaa. Alikibeba kisanduku chake kwa mikono miwili, akamwendea Mwalimu Corinne, akaketi mbele yake akiwa amekunja miguu, akamnyooshea. Mwalimu akamshukuru na kumrudishia. Filemu akamwendea mwalimu msaidizi, akafanya vilevile, akarudishiwa. Kisha akavuka chumba kizima akiwa ameinama, akaja kwangu.

Hapa, Dada, nakuomba usinicheke. Mtoto ameketi mbele yangu, ameninyooshea chakula kwa mikono miwili, nami ni mtu mzima ndani ya chumba. Unafikiri nilifanya nini? Nilifanya kile ambacho mimi na wewe tumekifanya maisha yetu yote. Nilikula. Nikachukua mkate wa nyama ya kopo, nikaumega, nikala, nikala na zabibu mbili tatu, halafu nikamrudishia abaki na sehemu yake. Nilipoinua macho, wazazi wote walikuwa wananitazama mimi, babu mzima, natafuna chakula cha mtoto.

Baya zaidi ni kwamba Filemu hakukigusa kilichobaki. Alikifunika, akakiweka mapajani mpaka muda ukaisha.

Mwalimu aliniita pembeni. Alinieleza kwa upole kwamba chakula hakigawanwi pale shuleni, kwa sababu kuna watoto ambao karanga tu inaweza kuwapeleka hospitali, kwa hiyo walimu hawapokei wala babu hawali. Nikasema nimeelewa. Akasema hata asubuhi ya kwanza Filemu hakula chochote, na siku ya shule ni ndefu. Kisha akaniambia, "Mzee Seuli, hakuna ubaya mtoto akisubiri mwaka mmoja zaidi nyumbani. Tutamtazama tena asubuhi ya mwisho, halafu tuamue pamoja."

Nilimweleza Lupe jioni. Hata viatu hakuvua, aliketi palepale mlangoni. Nilidhani atanigombeza kwa ule mkate, na kweli alinigombeza, lakini halikuwa hilo lililomuuma. Alisema, "Baba, nilimchukua mtoto kwa Shangazi huku wote wawili wanalia. Nikamwambia Shangazi nampeleka shule. Sasa nimwambie nini? Kwamba nilimleta aje kukuangalia wewe ukilala kwenye kochi?"

Iliniuma, kwa sababu ni kweli. Ni kwa ajili ya shule tu kwamba tulimtoa mikononi mwako. Ukiondoa shule, hatukuwa na haki.

Basi tukaanza mazoezi. Kila jioni kisanduku kiliwekwa mezani kana kwamba tuko shuleni. Kome alijifanya mwalimu, na akaniambia mimi kazi yangu ni moja tu, nisile. Nikamwambia Lupe kwamba sitamfundisha mtoto kula kabla ya wakubwa, maana dada yangu atapanda ndege aje kunichapa mbele ya mkwe. Lupe akasema bora kuchapwa. Tulibishana hivyo mpaka majirani wakapunguza sauti ya televisheni yao wasikie vizuri.

Na ajabu ni hii. Nyumbani Filemu alikula. Alifungua kifuniko mwenyewe, akatuhudumia, akangoja kidogo, kisha akala mpaka makombo. Lupe akasema tatizo ni mimi, nikiwepo shuleni mtoto anaduwaa. Kome akasema ni kelele za wenzake. Mimi sikuamini hata moja kati ya hayo. Wewe unanijua, kitu kikinikwama kichwani silali. Kwa nini mtoto yuleyule, kwa kisanduku kilekile na mkate uleule, ale hapa asile pale?

Nikawauliza watu wote, hata yule mama wa duka la samaki. Kila mmoja alikuwa na jibu lake na hakuna lililoniridhisha. Mwishowe nikaona nimewauliza wote isipokuwa mwenyewe.

Tulikuwa tunaanika nguo, yeye ananipa vibanio. Nikamuuliza kwa nini shuleni hali. Alinitazama kama mtu anayeulizwa jambo la wazi kabisa. Akasema, "Babu, pale hakuna anayejua kama Bibi ameshakula."

Dada, nilibaki na shati mkononi.

Kwa maana kila siku mezani anauliza habari zako. Tangu siku aliyofika, kila mlo, akishatugawia wote, huuliza, "Bibi ameshakula?" Na yeyote aliye karibu humjibu, eeh, ameshakula, kula na wewe. Tumelizoea swali hilo hata hatulisikii tena. Tunajibu huku tunatafuta chumvi. Sikuwahi kujua kwamba yeye alikuwa anaamini tunajua, na kwamba alikuwa hatii kitu mdomoni mpaka apate hilo jibu. Shuleni alikizungusha kile kisanduku kwa kila mtu mzima, akingoja mmoja wao amwambie. Nami nilikuwepo, na badala ya kumwambia, nikala mkate.

Nikamkalisha kwenye ndoo iliyopinduliwa. Nikamwambia jua linaanzia kwako, Savaii, ndipo linakuja huku, na saa yako imetangulia yetu. Nikamwonyesha kwa vibanio, hiki ni Bibi, hiki ni wewe, na hili ndilo jua. Wenzako wakifungua visanduku saa tano, nikamwambia, kwa Bibi ni saa saba mchana. Ameshakula, ameshaosha sahani, amejinyoosha kwenye mkeka. Huhitaji kumuuliza mtu.

Akaviangalia vile vibanio kwa muda. Unajua alivyo, haridhiki upesi. Akauliza, "Kila siku?" Nikasema kila siku. "Hata goti likimuuma?" Nikasema hata hapo. Kisha akauliza, "Sasa nani anampelekea sahani?"

Nikasema mke wa jirani yako Lemalu. Sijui kwa nini nilisema hivyo. Lilikuwa jina la kwanza lililonijia.

Asubuhi ya mwisho ilikuwa jana. Nilimweleza Mwalimu Corinne kila kitu kabla hatujaingia, naye alisikiliza bila kunikatiza, kisha akainua macho na kuitazama saa ya ukutani. Muda wa kula ulipofika alimwendea Filemu, akachuchumaa karibu naye, akamwambia, "Filemu, ni saa tano. Bibi yako ameshakula." Filemu akaitikia kwa kichwa kama mtu mzima aliyeletewa habari aliyokuwa nayo tayari. Akafungua kisanduku, akala mkate wote, akala na zabibu. Mimi nilikuwa nimekaa juu ya mikono yangu.

Ameandikishwa. Anaanza shule zikifunguliwa. Lupe, aliyekuwa ameomba ruhusa kazini aje, alilia, na hakungoja kufika kwenye gari.

Nimeyaandika haya yote badala ya kukuambia kwenye simu ya Jumapili, kwa sababu Jumapili Filemu huwa amekaa mapajani mwangu akisikiliza kila neno. Na lipo jambo asilopaswa kusikia. Ioane wa kanisani, huyu anayekuletea barua, alipokuja kwenu mwezi wa saba alirudi na kutuambia kwamba siku hizi mchana hupiki. Kwamba unakunywa chai tu, na chakula ni jioni ukikumbuka. Nilisikia, nikasema wewe ni mtu mzima, nikageukia mambo mengine.

Dada yangu, tulipomchukua Filemu tuliulizana mambo mengi. Atalala wapi, nani atamtunza, atapendelea chakula gani. Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza ni nani atakuletea wewe sahani. Amekuja kuuliza mtoto wa miaka minne, na mimi, ndugu yako wa damu, nikamjibu kwa jina la kubahatisha. Nimeona haya, nakuambia wazi.

Nimeshazungumza na Lemalu kwa simu. Mkewe amekubali kwa moyo mweupe, alisema alikuwa anaogopa tu utamfukuza. Usimfukuze. Najua utasema huna njaa, najua utasema hutaki kusumbua watu, na najua utasema mimi ni mdogo wako na siwezi kukuamrisha. Yote ni kweli. Sikuamrishi. Ila kuanzia shule zikifunguliwa, kila siku, mtoto atafungua kisanduku chake katikati ya watoto asiowajua na kuamini kwamba wewe umeshakula. Na Jumapili atakuuliza, nawe hujawahi kumdanganya.

Wasalimie mchungaji na mkewe, na Lemalu na nyumba yake yote, na binamu yetu Tofi ukimwona, mwambie bado nakumbuka nyavu zangu. Lupe na Kome wanakubusu mikono. Filemu ameniomba nichore kisanduku hapa pembeni lakini mimi kuchora siwezi, kwa hiyo amechora mwenyewe. Hicho cha duara ni wewe.

Mungu akulinde uamkapo na ulalapo, akupe nguvu ya goti na hamu ya chakula. Kula, Dada, ili na mtoto ale.

Mdogo wako akupendaye siku zote,
Seuli