Nguzo Moja kwa Siku

Jumatatu, 4 Februari

Nimeficha hili tangu enzi ya wanajeshi: Yusufu, fundi cherehani wa Jinja, alifia gerezani. Nilikuwa karani wa lango. Mkewe, Hadija, bado anamngoja. Hajakaa eda. Hajamsomea hitima.

Leo nguzo ya thelathini na moja. Kila asubuhi natoka hapa kwangu Namakwekwe na kuongeza nguzo moja ya umeme. Nikifika, naishika, nasema kwa sauti maneno nitakayomwambia, kisha narudi. Meza yake ya nyanya, kule Namatala, iko kwenye nguzo ya arobaini. Daktari amenipa wiki chache. Zitatosha, nisipolala kitandani.

Alhamisi, 7 Februari

Ya thelathini na nne. Kifua kinawaka. Kijana wa bodaboda amenicheka: "Mzee, panda bwana! Kaburi halikimbii."

Hajui kwamba nilishapanda mara mbili. Pikipiki ilifika kabla ya ujasiri wangu. Mara zote mbili nilimwambia dereva ageuze. Ndiyo maana natembea.

Jumamosi, 9 Februari

Sikutoka. Damu kwenye leso. Binti yangu Nambozo ameficha viatu. "Baba, hayo ni mazoezi ya kufa?" Nimemfokea. Kisha nimeogopa. Siku moja ikipotea, ya pili hupotea kwa urahisi zaidi.

Jumapili, 10 Februari

Nimetoka na kandambili wakati Nambozo yuko kanisani. Thelathini na sita.

Jumanne, 12 Februari

Thelathini na nane. Nimemwona kwa mbali, anapanga nyanya. Amezeeka.

Enzi zile alikuja langoni kila mchana na chakula cha mumewe, kimefungwa kwa kitambaa safi. Miezi mitatu. Mimi ndiye niliyepokea. Mwishowe nikamwambia kwamba Yusufu amehamishwa, sijui wapi. Mwoga mkubwa.

Maneno yote sasa nayaweza, isipokuwa sentensi moja. Hiyo hata peke yangu, mbele ya nguzo, haitoki.

Alhamisi, 14 Februari

Arobaini.

Nimemwambia Hadija kwamba Yusufu amekufa. Alikaa chini taratibu. "Wallahi, afande?" Nikasema wallahi, mimi Mkristo. Hakulia. Alisema atamsomea hitima Jumamosi, ataanza eda yake uzeeni, watu wacheke wakitaka.

Kisha akanishika mkono. "Lakini alikula chakula changu. Hilo linanitosha."

Nikanyamaza. Nguzo arobaini, nikanyamaza! Namchukia mtu huyu ninayevaa viatu vyake.

Ijumaa, 15 Februari

Homa. Nambozo amekaa mlangoni kama askari. Nimemsihi kesho anipeleke. Ameuliza kwa nini. Nimesema nimebakiza sentensi moja. Amelia, amekubali.

Jumamosi, 16 Februari

Tumekwenda asubuhi, mkono wangu begani kwa Nambozo. Wanawake walikuwa wakichambua mchele wa hitima. Nilimwita Hadija pembeni, nikasema. Hakunitukana. Alirudi kwenye ungo wake, akaendelea kutoa mawe.

Sasa nimelala. Dirisha liko wazi. Niandike na hapa, mkono ungali unafuata kalamu.

Yusufu alikufa siku yake ya pili gerezani. Chakula cha miezi mitatu nilikila mimi.