Waliponiuliza Kama Fahad Ataweza

Al-Suwaidi, Riyadh

Kwa kaka yangu mpendwa Barasa,

Nakusalimu wewe na wote wa nyumba yako. Natumaini barua hii itawakuta wazima, na mahindi yameshaingia ghalani kabla mvua haijayaharibu. Mama anaendeleaje na mguu? Mara ya mwisho kwenye simu aliniambia umepona kabisa, lakini nilikusikia wewe nyuma yake ukiguna, kwa hiyo sikumwamini. Niandikie ukweli.

Mimi huku ni mzima wa mwili. Kula nakula, kulala nalala, madam si mtu wa kelele, na ikama yangu, kile kibali cha kuishi huku, imefanywa upya bila maneno. Kinachonisumbua ni kichwa. Nimeandika badala ya kungoja simu ya Ijumaa kwa sababu nikipiga simu madam huwa amekaa pale pale. Kiswahili hajui, lakini jina la mwanawe analijua, na barua hii imejaa jina hilo. Anakuletea Naliaka, yule msichana wa Webuye anayefanya kazi nyumba ya jirani. Mkataba wake umekwisha na amesema halas, yamekwisha, harudi tena.

Fahad nilishakutajia. Ndiye kifungua mimba wa nyumba hii, yuko chuo kikuu anasomea uhandisi, na ni mrefu hata taa ya sebuleni ilibidi ipandishwe kwa ajili ya kichwa chake. Uani, wenyewe wanapaita hoshi, kuna kikapu cha mpira alichofungiwa na babake tangu akiwa mtoto. Alasiri moja nilikuwa naanika nguo, mpira ukaja mpaka miguuni pangu. Nikauokota na kuurusha vile ulivyotufundisha pale shuleni, bila hata kufikiri, ukaingia. Fahad alisimama mdomo wazi. Akaniambia kwa Kiingereza nirudie. Nikarudia, ukagonga chuma ukarudi, tukacheka. Tangu siku hiyo, kazi zikipungua, madam ananiruhusu nikamwokotee mipira na kucheza kidogo. Kuta za uani ni ndefu, hakuna anayetuona.

Sasa, mwaka huu vilabu vya kikapu vilikaa kuchagua vijana, kila klabu ikichukua mmoja kwa zamu, kama tulivyokuwa tukigawana timu pale shuleni. Fahad alichukuliwa mapema sana na klabu moja ya Jeddah. Wageni walijaa nyumbani. Nilikaanga sambusa mpaka nguo zangu zote zikanuka mafuta. Kisha mkataba ukaletwa, na furaha ikaishia hapo. Klabu ilitaka aache chuo, ahamie Jeddah, awe mchezaji wa kulipwa. Akikubali, nafasi yake chuoni inapotea. Akikataa, wanamchukua mwingine.

Baba, yaani bosi wangu, alitaka asaini. Madam alitaka amalize masomo kwanza. Kocha wa klabu, mzungu mmoja mwenye mvi, alikuja Riyadh kumtazama mazoezini, akasema Fahad ana kipaji kikubwa lakini hajui kama kitatoka nje. Baba alisikia neno kipaji. Madam alisikia neno hajui. Wakanuniana juu ya sentensi moja.

Siku moja Baba akaniita sebuleni, akazima televisheni kabisa ili nimsikilize.

“Wewe umecheza huu mpira.”

“Nilicheza shule tu, Baba.”

“Mimi hata shule sikucheza. Watu wanaokuja hapa wananiambia ninachotaka kusikia. Wewe unamwona kila siku. Ataweza au hataweza?”

“Mimi ni mpishi, Baba. Kocha yupo.”

“Kocha ana klabu,” akasema. “Wewe huna klabu.”

Nikaomba muda nimtazame vizuri. Nilirudi jikoni nikamkuta madam anakata majani ya kotimiri ambayo mimi nilikwisha kuyakata. Hakuinua macho.

“Amekuuliza?”

“Ameniuliza, madam.”

“Akivunjika goti, klabu itachukua mtoto mwingine. Mimi sina Fahad mwingine. Sema hapana, Nekesa.”

Hakunitisha, kaka. Angenitisha ingekuwa rahisi. Alilia tu, kisu mkononi, na mimi nikasimama pale sijui kama nimshike bega au nisimshike.

Fahad naye alinifuata uani siku ya pili yake. “Dada, usimwambie Baba kitu kabla hujaniambia mimi.”

Nikamuuliza, “Kwani wewe mwenyewe unataka nini?”

“Nataka kujua kama mimi ni mzuri. Nikijua hilo, nitajua ninachotaka.”

Basi nikaanza kumtazama, si kwa kufurahia tena, bali kwa kumpima. Na kadiri nilivyompima ndivyo nilivyozidi kuchanganyikiwa. Mkono anao, kaka. Mpira ukitoka kwake unatoka laini, huusikii. Pasi anakuwa ameshaitoa kabla wewe hujajua unakotaka kukimbilia. Akiruka, unadhani amesahau kushuka. Lakini ulikuwa ukituambia kwamba chini ya kikapu ndipo mtu anapojulikana, kwa hiyo nikaomba tucheze wawili. Nikapandisha abaya, nikavaa raba za zamani za dadake, nikamsukuma kwa kiuno vile ulivyotufunza. Akaondoka. Akaniambia, “Samahani, dada.” Nimemsukuma mimi, anaomba msamaha yeye! Nikamsukuma tena kwa nguvu zaidi, akaniachia nafasi tena.

Nikasema moyoni, huyu ni mwoga. Halafu nikajijibu, mwoga vipi, wewe ni mwanamke, ni mfanyakazi wa nyumba yao, amelelewa asimguse mwanamke asiye wake. Ulitaka akupige kiwiko?

Ijumaa akaja binamu yake, kijana mnene asiye na ufundi wowote ila ana mabega. Nikatazama kupitia dirisha la jikoni. Binamu akamsukuma, Fahad akaondoka. Akasukumwa, akaondoka. Akashindwa na mtu asiyejua hata kudunda. Nikasema sasa nimepata jibu. Lakini hapo hapo nikamwona anamletea yule binamu maji kwa mikono miwili, na nikakumbuka kwamba katika nyumba hii mgeni hashindwi katika lolote. Hata kwenye karata wanamwachia. Je, ule ni woga au ni adabu? Nilikaa na swali hilo mpaka wali ukaungua. Kama ni adabu, uwanjani ataivua. Kama ni woga, hatauvua. Na kwa macho vyote viwili ni kitu kimoja.

Baba hakungoja nimalize kufikiri. Aliniuliza tena nikimpelekea kahawa, madam akiwa amekaa kando yake. Nikawaambia nilichokiona, hicho tu.

“Mkono anao, Baba. Macho anayo. Lakini akisukumwa, anaondoka.”

“Kwa hiyo hapana.”

“Sijasema hapana.”

“Umesema,” akasema Baba, na uso wake ukawa kama wa mtu aliyeambiwa kitu alichokuwa anakijua siku zote. Akachukua simu akaipigia klabu. Nilisikia mafi, yaani hakuna, nikasikia halas, na basi. Madam alinifuata jikoni akanipa chupa ya manukato yake mwenyewe, haijafunguliwa. Nilikiweka kile kichupa nyuma ya unga. Mpaka leo sijakifungua, maana sikumwambia Baba vile ili kumpendeza yeye, na nikikinusa nitaona kama nilifanya hivyo.

Mlango haukuwa umefungwa. Fahad alisikia yote, na mimi sikuwa nimemwambia yeye kwanza kama alivyoniomba. Hakupiga kelele. Alitoa mpira uani akauweka stoo. Kwa siku nyingi hakusema nami ila lililo lazima. Kisha asubuhi moja kitanda chake kilikuwa kitupu na simu ikalia kutoka Jeddah: ameenda mwenyewe, amekuta nafasi yake haijachukuliwa bado, na amesaini mwenyewe, ana umri wa kusaini. Baba akafoka, halafu nikamwona anatabasamu kwenye kioo cha ukumbini alipodhani hakuna mtu. Madam akajifungia chumbani hata chai akaikataa.

Mechi ya kwanza ilipokaribia tulihamia Jeddah sote, kwenye nyumba ya kupanga huko Al-Hindawiyah, mtaa wa zamani wenye joto la kunata, si kavu kama la Riyadh. Kwa desturi ya nyumba hii wanawake hatuendi uwanjani, kwa hiyo Baba akaenda, mimi na madam tukabaki na televisheni.

Fahad aliingia mapema. Timu nyingine ilikuwa na mchezaji mgeni mmoja kutoka nje, mzee wa kazi, mtu mwenye mgongo kama mlango wa ghala. Mara ya kwanza akamsukuma Fahad, Fahad akaondoka. Mara ya pili vile vile. Kocha akamtoa, akakaa benchi na taulo kichwani. Madam akanishika mkono akasema, “Alhamdulillah, atarudi nyumbani.”

Kipindi cha pili wakamrudisha. Yule mgeni akamsukuma. Fahad akabaki. Akasukumwa tena, akabaki, halafu akageuka akampiga kiwiko cha kifua, mtu mzima yule akaenda chini kama gunia. Refa akapiga filimbi, uwanja mzima ukasimama, na kaka, usinicheke, mimi pia nilikuwa nimesimama, napiga kelele za kwetu ndani ya sebule ya watu. Mpira uliofuata aliupata Fahad hewani juu ya vichwa vyote, akaufunga. Akafunga na mwingine. Alisukuma, akakosea, akasukuma, mpaka makosa yakamzidi na akatolewa kabla ya mwisho, na timu yake ikashindwa. Alitoka akitazama watu usoni, kitu ambacho nyumbani hakuwa akifanya.

Niligeuka nikamkuta madam analia. “Huyu si mwanangu,” akasema. “Mwanangu hampigi mtu.”

Fahad na babake walirudi pamoja. Baba alikuwa anacheka peke yake ngazini. Fahad alikuja jikoni moja kwa moja, mdomo umevimba, nikampa barafu.

“Uliona?”

“Niliona.”

“Bado unasema nikisukumwa naondoka?”

“Leo hukuondoka.”

“Kwa hiyo nitaweza?”

Nikamwongezea barafu, kaka, huku nawaza. Kiwiko kimoja kinamfanya mtu awe mchezaji? Au ni hasira ya siku moja, na hasira ikiisha atarudi kuomba msamaha chini ya kikapu? Akasema polepole, “Kila aliponisukuma nilikuwa nakusikia wewe.” Akaondoka na barafu yake. Hata leo sijui kama alikuwa ananishukuru au ananishtaki.

Tumeshacheza mechi nyingine baada ya hiyo. Naona naandika tumeshacheza, kama na mimi nimo. Siku nyingine anang'aa hata magazeti yanaweka picha yake. Siku nyingine hainuki benchi. Ameacha chuo. Akimpigia madam simu, anasema maneno machache makavu, naye hapo awali alikuwa mtoto wa kumpa mamake habari mpaka mamake achoke. Tumerudi Riyadh na uani pako kimya. Baba anawaambia wageni kwamba mimi ndiye niliyemwamsha mwanawe. Madam anawaambia dada zake kwamba mimi ndiye niliyemharibu. Maneno niliyoyasema ni yale yale, machache, na nikijaribu kuona nani kati yao ana haki naona wote wawili, halafu simwoni hata mmoja.

Nisalimie Mama, umwambie asipande ngazi ya ghala. Msalimie wifi yangu, mwambie ile kanga ya njano Naliaka anayo. Msalimie shangazi yetu wa sokoni, na mwalimu mkuu mstaafu jirani yetu kama bado anapita jioni kuomba gazeti. Watoto wako wakumbatie, hasa huyu mdogo ambaye sijamwona.

Lipo jambo moja kaka, nalo nimelibeba miaka mingi bila uzito, mpaka mwaka huu likawa zito. Siku yule kocha wa timu ya mkoa alipokuja shuleni kuchagua wasichana, alikuuliza wewe kuhusu mimi, kwa kuwa ndiwe uliyekuwa ukitufundisha. Mlikuwa mmesimama kwenye kivuli cha stoo ya mipira, nami nilikuwa ndani nahesabu jezi. Nilikusikia ukimwambia kwamba Nekesa anajituma lakini hatafika mbali. Sikukuambia kwamba nilisikia, na sikukasirika. Niliamini. Nilidhani umeona kitu ndani yangu ambacho mwenyewe siwezi kukiona, nikaacha mpira, nikaanza kutafuta kazi, na kazi ikanileta huku.

Sasa na mimi nimeulizwa juu ya mtoto wa watu, nimejibu, na najua nilichokuwa nacho moyoni wakati najibu. Hakikuwa kitu cha kumwamulia mtu maisha. Kwa hiyo nakuuliza bila lawama yoyote, kama dada anavyomuuliza kakake: siku ile uliona kweli, au ulikuwa unabahatisha kama mimi?

Niandikie. Jibu lolote nitalipokea, hata likiwa hujui.

Mdogo wako akupendaye,
Nekesa