Herufi Moja Kati ya Boma na Bomoa

Dada Zubeda, shikamoo.

Najua hutaitikia, lakini sijawahi kuanza kuzungumza nawe bila salamu.

Nilifika Lushoto maziko yako yamekwisha. Kilosa ni mbali kwa magoti haya, na nimeishi huko mpaka watu wa hapa wananiita mgeni. Nimelala chumbani kwako. Kila asubuhi nikifungua dirisha, naliona lile boma la Wajerumani.

Ukuta wa kaskazini umeanguka, Dada. Ulipoanza kuugua, vijana waliupiga lipu ya saruji, wakidhani wanakupunguzia kazi. Saruji ikafungia unyevu ndani, matofali mabichi yakalainika, masika yakamaliza. Hawakuwa na nia mbaya. Umebaki ukuta mmoja tu, ule wenye matundu ya bunduki.

Nakumbuka nilivyokuja likizo na vitabu vyangu, nikakukuta umezama mpaka viwikoni katika udongo, majivu na kinyesi cha ng'ombe. Nikauliza kwa nini kila mwaka unakandika ngome ya Wajerumani, na wenyewe walishaondoka. Ukajibu bila kugeuka: "Askari walilala tu humu. Matofali ni ya bibi." Bibi yetu, aliyeshurutishwa kuukanyaga udongo wa matofali hayo, mimba tumboni. Kisha ukacheka: "Nawe msomi hujaona? Boma na bomoa ni herufi moja tu. Ukisinzia, inaingia."

Sasa majirani walitaka kuubomoa na ukuta huo uliobaki, wapate udongo wa kufyatulia matofali. Binti yako Mwanaidi akaniuliza, "Mjomba, tuwaambieje?" Nimechoka, Dada. Nilitamani kusema wachukue wote, nikalale.

Nikawaambia: ulioanguka chukueni, bibi hatakataa kuwa jiko la wajukuu. Uliosimama, hapana. Mmoja akanitania, "Babu, utaukandika wewe, na mgongo huo?" Wakacheka. Nikaomba ndoo.

Jana nilikandika kipande, mwisho kiunoni. Kimejaa mawimbi, ungekikwangua ukaanza upya. Mwanaidi akakandika juu nisikofika, mkono wake ukizunguka kama wako. Nikamsogezea ndoo.

Basi lala, Dada. Umekesha vya kutosha. Kabla ya masika tutaumaliza, mimi chini, yeye juu. Na siku nikisinzia, Mwanaidi atakuwa macho. Ile herufi haitaingia.

Mdogo wako,
Rashidi