Shikamoo Tatu za Mikumi

Kilosa, Jumatano

Kumbe kijana wa watu ana adabu zake!

Mimi ndiye niliyemwambia binti yangu Zuhura kwamba mchumba wake wa Mikumi ajitambulishe kwa barua pepe, nione kama anajua kuandika. Kimya. Nikanuna, nikasema huyo hatumtaki.

Leo ndipo nimejua kuwa ile huduma iliyokuwa ikivuta barua kutoka anwani yangu ya zamani na kuzileta kwenye mpya imefutwa. Nimeingia kule mwenyewe, nikaseti barua zote zije huku zenyewe. Nikazikuta tatu za yule kijana, zote zinaanza na "Shikamoo mama." Ya mwisho ameongeza, "Samahani kama nimekukosea."

Zuhura atanicheka mpaka siku ya harusi.

Nimezijibu zote, moja moja. Marahaba. Marahaba. Marahaba, mwanangu.