Kibano cha Ghorofa ya Nne

Kokura, 14 Februari

Kwako Dada Fusae,

Shikamoo. Natumaini goti linakuruhusu kutembea katika theluji ya huko Hirosaki, na kwamba shemeji ameacha kukohoa. Matufaha yamefika salama, yote ishirini na manne. Mimi ni mzima. Mdogo wetu Shigeki yu hai.

Barua yako ilinichoma. Unasema naingia hospitalini kama mkaguzi wa majengo. Haya, tuhesabu. Tangu Shigeki aanguke jukwaani zimepita Jumapili thelathini na moja; nimekosa mbili. Kila nikienda namkanda miguu dakika arobaini. Wewe umekuja mara moja, ukalia, ukaondoka. Mimi nilianza kupanda majukwaa ya ujenzi nikiwa na miaka kumi na tano, kulia sikufundishwa.

Lakini kuna jambo lilinishinda. Miguu ile haihisi kitu, na bado anapiga kelele kwamba nyayo zinaungua. Nilidhani anadeka. Siku moja nikamfunika macho kwa taulo, nikamchoma sindano mahali ishirini. Alihisi sifuri. Nikamwambia, basi moto huo unauwasha mwenyewe, bwana. Akacheka: "Kaka, lingekuwa jiko langu si ningelizima?" Daktari Minagawa alinikemea mbele ya wauguzi. Akasema njia za uti wa mgongo zimekatika, ubongo unangoja habari za miguu na hauzipati, na ukimya huo unaugeuza kuwa maumivu. Ya kweli kabisa, kama ya jino langu mimi. Niliona haya.

Hapo Shigeki akamuuliza kama hofu inaweza kumfanya mtu afungue kulabu ya kamba yake ya usalama bila kujua. Unakumbuka alivyokuwa akiganda kule juu, mafundi wakamwita Sanamu. Daktari akajibu kwamba mtu akishikwa na hofu, mkono unaweza kutenda kabla akili haijajua. Tangu siku hiyo anautazama mkono wake wa kulia kama adui. Anakula kwa kushoto. Mazoezi ya mikono, ambayo ndiyo yangemhamisha kitandani hadi kwenye kiti cha magurudumu, ameyaacha.

Dada, hakuifungua kulabu. Desturi yetu unaijua: ukishakaza kibano kinachoshika bomba la jukwaa, unakielekezea kidole na kupaza sauti, "Kibano sawa!" Ndipo mwenzako anatundika kulabu yake kwenye bomba hilo. Asubuhi ile nilikuwa nimesema hivyo mara sitini. Ya sitini na moja, kidole kilikwenda chenyewe na mdomo ukafuata. Kibano sikukigusa. Shigeki alitundika, akaegemea, bomba likachomoka upande mmoja, kulabu ikateleza. Ghorofa ya nne. Nililirudisha bomba, nikakaza kibano kwanza, ndipo nikateremka alikolala. Nikawaambia wote kwamba aliifungua kulabu mwenyewe kwa woga. Na wewe nilikuandikia hivyo hivyo.

Jana nilimweleza. Hakunitukana. Aliunyanyua mkono wa kulia, akaufungua, akaufumba, akauliza, "Kwa hiyo haukuwa huu?" Nikasema haukuwa. Akashika kijiko kwa mkono huo huo, akala wali wote. Kisha akasema, "Kaka, najua sitahisi, lakini miguu yangu usiiguse tena."

Kesho naenda ofisi ya usalama kazini kujieleza. Wewe njoo, tafadhali. Anza na nyayo, taratibu, dakika arobaini.

Msalimie sana shemeji.

Mdogo wako,
Iwao